Jibu kwa mama aliyeambiwa ang'oe meno yote ya utotoni ya mwanawe

Pole mama mwenzangu. Umesema mwanao ana miaka 10, meno ya utotoni yamegoma kung'oka, mabega anayakutanisha kifuani, na daktari wa hapo mlipo anataka kuyang'oa yote ili ya ukubwani yapate njia. Nakusihi, usikubali bado.

Wa kwangu yuko hivyo hivyo. Utosi ulichelewa kufunga, na chekechea wenzake walimshangilia akikunja mabega mpaka yagusane chini ya kidevu. Kumbe mitulinga, mifupa ya mbele ya mabega, haikukamilika. Ugonjwa huu unaitwa kleidokraniali disiplasia, hitilafu ya jeni ya RUNX2, takribani mtu 1 katika milioni 1. Hukukosea chochote ujauzitoni.

Alipofika miaka 9, kliniki moja ilimng'oa manne ya mbele. Tukasubiri miaka 2. Fizi tupu! Akawa anacheka kaziba mdomo kwa kiganja, muhindi wa kuchoma hagusi. Kwa watoto hawa, kung'oa peke yake hakulileti jino la ukubwani. Linabaki limelala ndani ya mfupa, mara nyingi limezibwa na meno ya ziada. Picha ya taya zima, ile wanayoiita OPG, ilionyesha wa kwangu anayo 7 ya ziada. Hiyo picha ndiyo ilipaswa kutangulia.

Kilichomsaidia ni daktari wa upasuaji wa kinywa na bingwa wa kupanga meno kukaa pamoja kabla ya kugusa chochote. Akalazwa usingizi, ya ziada yakatolewa, fizi ikafunguliwa, kila jino lililojificha likagundishwa kijinyororo chembamba kama cha mkufu. Kikafungwa kwenye waya, kinakazwa kidogo kidogo kila mwezi. Ni kazi ya miaka, jiandae kwa nauli na ruhusa za shule. Mwezi wa 8 tangu upasuaji, aliniita usiku nimmulike na tochi ya simu: ncha nyeupe, ndogo kama punje ya mchele.

Mkiwa karibu na Dar, anzieni Hospitali ya Muhimbili. Mpimisheni na masikio, maana hali hii huweza kuambatana na shida ya kusikia.

Na leo hii mchungulie nyuma kabisa. Magego ya kwanza ya ukubwani mara nyingi hutoka yenyewe, na waya hushikizwa hapo. Yapigwe mswaki asubuhi na usiku, na asiyang'oe mtu.