Maswali ya Wasomaji: Majadiliano ya Falsafa na Dini Katika Masomo ya Mtandaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Falsafa na Elimu ya Dini katika chuo kimoja hapa Dodoma. Tangu kozi yangu ihamishiwe mtandaoni, wanafunzi hupakua mihadhara na kukaa kimya. Nikiweka mada ya kujadili, mmoja huandika aya mbili na waliobaki huandika "nakubaliana na mwenzangu". Mada ikigusa imani huamka wote, lakini huwa ni kubishana tu baina ya Wakristo na Waislamu, hadi nalazimika kuufunga mjadala. Je, masomo haya yanafundishika kwa njia hii? — Mwalimu, Dodoma

JIBU: Yanafundishika, Mwalimu, iwapo majadiliano yatakuwa ndiyo kozi yenyewe, si nyongeza ya mwisho wa wiki. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mwalimu wake Socrates akilalamika kwamba maandishi huonekana kama yana uhai, lakini ukiyauliza swali hurudia maneno yaleyale siku zote. Lawama hiyo inaiangukia kozi ambayo ni mafaili na video za kupakua tu. Haiiangukii kozi ambayo ndani yake mwanafunzi huulizwa, hujibu, hupingwa, kisha hulazimika kulipima upya jibu lake.

Tuanze na hao wanaokubaliana na kila mtu. Ikiwa chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kama vyuo vingi vinavyofanya, mna aina ya jukwaa la maswali na majibu ambamo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aweke la kwake na muda wa kulihariri upite, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Kwa hiyo kila mmoja hulazimika kufikiri kabla ya kusikia wengine, jambo ambalo hata ukumbini ni gumu kulipata, kwa kuwa wasemaji wawili watatu huwatangulia wote. Wagawe pia katika vikundi vya watu wanane au kumi, ili pasiwe na pa kujificha.

Swali lenyewe lina uzito kuliko mpangilio. Ukiwaambia waeleze maana ya kufunga katika Ukristo na Uislamu, watanakili. Waulize hivi: mtu aliyeshinda bila kula kwa sababu tu nyumba nzima imefunga na hakuna kilichopikwa, je, amefunga? Hapo Mwislamu atalazimika kueleza nafasi ya nia, Mkristo ataikumbuka sura ya 58 ya Isaya, ambamo mfungo wa watu wanaowaonea wafanyakazi wao unakataliwa, na mwingine atauliza kama tendo jema hupungukiwa thamani linapofanywa kwa kufuata mkumbo. Swali la namna hii ni la falsafa na la dini kwa wakati mmoja, na haliiweki dini ya mtu yeyote kizimbani.

Kuhusu ugomvi, wengi wa wanafunzi wako wamekua wakisikiliza mihadhara ya hadharani ambamo kushinda ni kumnyamazisha mwenzako. Wape kanuni moja na uisimamie bila kulegea: hakuna anayempinga mwenzake kabla ya kuieleza hoja yake kwa namna ambayo mwenye hoja atakiri, "Naam, ndivyo ninavyosema." Mtandaoni kanuni hii hutekelezeka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa maneno yameandikwa na hakuna anayeweza kuyageuza. Kisha mwambie Mkristo aandike maelezo ya funga ya Ramadhani na Mwislamu ayasahihishe, na vivyo hivyo kwa Kwaresima. Kazi yako si kuamua imani ipi ni ya kweli. Ni kuonyesha hoja ilipopwaya, na hasa inapotoka kwa mtu wa dini yako mwenyewe, maana wanafunzi wanakutazama hapo.

Wala usidhani kwamba mazungumzo ya kifalsafa ni mali ya Athene peke yake. Katika miaka ya 1970, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza kuwahoji wazee wenye hekima nchini Kenya, akitenganisha wale waliosimulia tu yanayosemwa na jamii na wale walioyapima kwa akili zao na hata kuyakataa baadhi yake. Kila mwanafunzi wako anaweza kumrekodi mzee mmoja kwa simu, kwa idhini yake, akimuuliza "kwa nini" mpaka apate sababu, kisha akaleta maandishi yake kwenye kikundi. Ningelipa zoezi hilo alama nyingi kuliko mtihani wa kuchagua jibu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, niko kijijini, na bando langu haliwezi kubeba vipindi vya video vya kila wiki. Je, nitashirikije? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Mwombe mwalimu wako mjadala ufanyike kwa maandishi na kwa sauti fupi zilizorekodiwa, kwani video ya moja kwa moja ndiyo inayokula bando zaidi, na hoja ya kifalsafa haihitaji sura ya msemaji. Programu ya Moodle ya simu inakuruhusu kupakua mjadala unapopata mtandao, ukauandikia jibu ukiwa nje ya mtandao, na jibu hilo likatumwa utakapounganishwa tena.