Kapewa kinga au kapewa chanjo?

SWALI: Naishi Newala. Kliniki muuguzi aliniambia mtoto wangu kapata chanjo ya surua, nirudi kwa ya pili. Nyumbani bibi yake akawaambia majirani, "Mjukuu wangu kapewa kinga." Je, chanjo na kinga ni kitu kimoja?

JIBU: Hapana, mama. Chanjo hutolewa na muuguzi, kinga hujengwa na mwili wa mtoto mwenyewe. Chanjo ya surua ina virusi vilivyodhoofishwa. Seli nyeupe za damu huvitambua, hutengeneza kingamwili za kupambana navyo, na baadhi ya seli hizo hubaki na kumbukumbu ya adui. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Basi jioni ya sindano ni sahihi kusema mtoto kachanjwa, lakini kinga bado. Nalishikilia hili kwa sababu anayedhani kinga imeingia pamoja na sindano ya miezi 9 haoni haja ya kurudi kwa ile ya miezi 18, na wapo watoto ambao ya kwanza haikuwajengea kinga.

Hata hivyo ipo kinga ambayo mtoto hupewa kweli, nayo ni yako wewe. Kingamwili zako zilimfikia kupitia kondo la nyuma, nyingine akazinyonya kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Hapo "kapewa kinga na mama yake" ni Kiswahili safi. Kwa kuwa hakuitengeneza mwenyewe, huisha baada ya miezi kadhaa.

Ngozi, machozi na asidi ya tumboni ni kinga ya kuzaliwa nayo. Hiyo haibagui ugonjwa.

Kitenzi chenyewe kina sura mbili. Huko Newala, ambako maji ni ya shida, mnakinga mvua kwa ndoo chini ya bati, yaani mnaipokea. Mwenye mwavuli anajikinga na mvua, yaani anaizuia. Kinga ya mwili imetoka kwenye kuzuia. Tena vijana wakisema "tumia kinga" wanamaanisha kondomu, kwa hiyo utaje ugonjwa: kinga dhidi ya surua.

Bibi aseme tu, "Mjukuu wangu kachanjwa surua." Kuchanja asili yake ni kukata ngozi kidogo, kama walivyochanjwa wazee wetu dhidi ya ndui, lakini leo hata matone ya polio ya mdomoni tunayaita chanjo, wala si kosa.