Kinga imeshuka, mbona anapewa dawa ya kuishusha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu wa kike anaugua lupasi, ule ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe. Daktari alisoma majibu ya damu akasema kinga imeshuka, ugonjwa umeamka. Hapo hapo akamwandikia dawa, akasema ni za kushusha kinga. Hapa nyumbani Nkuhungu tumebaki kuulizana: kilichokwisha kushuka kinashushwa vipi tena? Na jirani aliposikia "kinga imeshuka" akapata la kunong'ona. Je, Kiswahili hicho kimekosewa? Halafu, ni kingamwili hivi au hizi? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba, dada. Daktari anaujua ugonjwa wake, ila neno "kinga" alilitumia mara mbili kwa vitu viwili tofauti, tena kwa pumzi moja.

Nianze na jirani, maana simlaumu sana. Tangu tulipopata jina la UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, maneno "kinga imeshuka" yamepata maana moja tu masikioni mwa Watanzania: CD4, zile chembe za kinga zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI, zimepungua. Ukiyatamka kwenye foleni ya dawa, hakuna atakayefikiria lupasi. Ndiyo sababu nasema mtu wa afya asiyaache yaning'inie peke yake. Aseme ni nini kilichoshuka.

Sasa chukua karatasi ya majibu. Kwa lupasi iliyoamka, mara nyingi utakuta mbele ya C3 na C4 namba ziko chini ya kiwango cha kawaida, na mbele ya anti-dsDNA namba iko juu. Zote mbili ni habari za kinga, lakini moja inashuka na nyingine inapanda. C3 na C4 ni protini za damu za kundi liitwalo komplimenti, ambazo kazi yake ni kusaidia kuangamiza vijidudu. Anti-dsDNA ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazotambua adui, ila hizi zimepotea njia: badala ya kukabili vijidudu, zinaikabili DNA, yaani vinasaba, ya mwenye mwili. Kingamwili hizo zikishikana na kile zinachokishambulia, mafungu yake hunasa kwenye figo na kwingineko, na hapo komplimenti huitwa kazini. Inatumika kwa wingi kuliko inavyotengenezwa, basi kipimo kinasoma chini. Kwa hiyo C3 ya mdogo wako ikiwa chini, huenda haikupungua kwa unyonge. Imeliwa na vita. Mimi ningesema "komplimenti imetumika sana", na mgonjwa angeelewa kwa nini dawa inayofuata ni ya kuituliza kinga, si ya kuiongeza.

Na hilo ndilo neno langu: kutuliza. "Kushusha kinga" si kosa la sarufi, ila linatisha na linagongana na lile la kwanza. Dawa hizi hazifanani. Ipo, kwa mfano, belimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya lupasi. Hiyo huizuia protini inayozipa seli B uhai mrefu. Seli B ni chembe nyeupe za damu, na ndizo zinazokomaa na kuwa viwanda vya kingamwili. Kiwanda kikipunguzwa, bidhaa potofu nazo hupungua. Tahadhari nyingine ya lugha hapa: nimeshaulizwa kama mtu mwenye damu ya kundi B ndiye mwenye seli B. Hapana. Kila mtu anazo, na herufi hiyo imetokana na "bursa", kifuko kilicho karibu na njia ya haja ya kuku, ambako watafiti walizitambua kwanza seli hizo katika ndege. Hata hao kuku wa Singida wanaouzwa barabarani walikuwa nacho walipokuwa vifaranga.

Niongeze neno kidogo ili nisimwonee daktari. Lupasi yenyewe inaweza kupunguza chembe nyeupe, na dawa za kutuliza kinga humfanya mgonjwa apatwe na maambukizi kwa urahisi zaidi. Akisema "kinga imepungua" kwa maana hiyo, amesema kweli. Muulizeni tu: kinga ipi, dokta?

Tukija kwenye ngeli: sema kingamwili hizi, zimepanda, za aina nyingi. Neno "kinga" hapa limetokana na kitenzi kukinga, na ki- ni sehemu ya mzizi, si kiambishi cha KI-VI. Anayesema "kingamwili hivi" huenda anasikia kile kinga cha jikoni, yaani kijinga cha moto, ambacho wingi wake ni vinga. Kile cha "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Ni maneno mawili yaliyofanana sura.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini limo katika barua yako. Nimeshaona maandishi ya afya yanayotaja "shughuli za ugonjwa wa lupasi", tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "disease activity", kana kwamba ugonjwa umefungua duka pale Soko la Majengo. Daktari wenu kasema vizuri zaidi: ugonjwa umeamka. Ndivyo tusemavyo pumu imeamka, vidonda vya tumbo vimeamka, kisha vimetulia. Kwa maandishi rasmi, "ukali wa ugonjwa" unatosha. Vipimo vya damu vinavyouonyesha viitwe viashiria, wala visiitwe alama, kwa sababu alama zina kazi yake: katika kipimo cha SLEDAI, ambacho madaktari hukitumia kupima ukali wa lupasi, komplimenti iliyo chini hupewa alama 2, na anti-dsDNA iliyo juu hupewa alama 2 nyingine. Jirani mwambieni kingamwili za mgonjwa wenu zimezidi, hazikupungua.