Kuzimua rangi za akriliki za vielelezo vya plastiki: maswali yenu

Nilitia alkoholi ya isopropili kwenye Vallejo Model Color, ikakatika na kuwa mabonge. Mbona Tamiya haikufanya hivyo?

Zote ni akriliki, lakini ndani hazifanani hata kidogo. Vallejo Model Color ni chembe za plastiki zinazoelea kwenye maji. Alkoholi ikiingia, chembe zinashikana. Tamiya za X na XF zina alkoholi tangu kiwandani, ndiyo maana ukifungua kichupa harufu inakupokea.

Rangi iliyokatika haiokoleki, itupe tu. Vallejo izimue kwa thina yake au kwa maji yaliyochujwa madini. Tamiya ipe X-20A, yaani thina yake yenyewe, au hiyo isopropili. Inaelewana pia na thina za laka kama Mr. Color Leveling Thinner, na binafsi hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, kwa jinsi rangi inavyojitandaza kabla ya kukauka. Ila mvuke wake ni mkali: fungua madirisha na uvae barakoa yenye kichujio cha kaboni.

Kwa rangi usiyoijua, weka tone lake na tone la thina juu ya kipande cha plastiki, koroga kwa kijiti, subiri dakika chache. Ukiona chembechembe, usiendelee.

Nipe kipimo cha brashi ya hewa, ile inayopulizia rangi.

Kwa Tamiya, anza na sehemu 1 ya rangi kwa 1 ya thina, kwenye presha ya psi 15 hadi 20. Vallejo Model Air imeshazimuliwa, mara nyingi matone machache ya thina yanatosha. Lakini nakusihi uamini jicho kuliko kipimo, kwa sababu kichupa kilichokaa wazi kinazidi kuwa kizito. Pandisha rangi kwa brashi ya mkono kwenye ukuta wa kikombe unachochanganyia kisha iangalie inavyoteremka. Ikishuka bila kusita na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga, iko tayari. Ikiganda pale juu, ongeza thina. Ikikimbia yote na kuacha ukuta karibu mtupu, umezidisha, ongeza rangi.

Bawa la ndege yangu limekuwa na mparuzo kama msasa.

Rangi inakaukia hewani kabla ya kugusa plastiki. Sogea karibu, punguza presha, izimue kidogo zaidi. Ikianza kutawanyika miguumiguu ya buibui, umepita kiasi: legeza kifyatulio na upake tabaka jepesi, ulipe muda likauke kabla ya lingine.

Rangi inaganda kwenye ncha ya sindano ya brashi ya hewa kila baada ya muda mfupi.

Ni kawaida ya akriliki, Vallejo hasa. Ongeza tone moja au mawili ya kichelewesha ukaukaji, na kila unapopumzika futa ncha kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa thina.

Nikipaka Tamiya kwa brashi ya mkono, tabaka la chini linang'oka.

Thina iliyo ndani ya rangi inaliyeyusha upya. Subiri hadi kesho yake, tia kichelewesha, kisha pitisha brashi mara moja bila kurudia palepale. Kama hupaki kwa hewa kabisa, hamia Vallejo: maji kidogo, tabaka mbili au tatu nyembamba, na alama za brashi hazionekani.

Maji ya bomba?

Kwa Vallejo yanafaa, isipokuwa yenye chumvi nyingi, maana huacha madoa meupe.