Bahari imefukua kaburi: DNA itatwambia ni babu yetu?

Swali: Bahari imekula makaburi ya zamani karibu na kwetu Bagamoyo, mifupa iko nje. Wazee wanasema mmoja ni babu wa babu yangu, kuumeni. DNA inaweza kuthibitisha?

Jibu: Inaweza, ingawa kwa mifupa ya pwani ni kawaida maabara kutoambulia kitu. Joto na unyevu huikatakata DNA vipande vifupi, mara nyingi chini ya herufi 100 (DNA husomwa kwa herufi nne za kikemikali: A, C, G na T), na sehemu kubwa ya kinachosomwa huwa ni ya bakteria wa udongoni. Lakini msikate tamaa: utafiti wa 2023 ulipata DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya Waswahili, Kilwa ikiwemo.

Toeni taarifa polisi na kwa idara ya serikali inayosimamia mambo ya kale, kisha mkae na shehe na ukoo mzima, maana kipimo husaga sehemu ya mfupa na hairudi.

Tafadhali msiioshe mifupa. Watu huosha kwa heshima, wakaanika juani, na hapo ndipo kazi inapoharibika: maji hupenyeza DNA ya mikono yao ndani ya mfupa. Vaeni glovu na barakoa, acheni udongo ulioganda, tieni kwenye bahasha ya karatasi, kivulini. Nailoni hufungia unyevu, ukungu ukaota. Andikeni majina ya wote waliogusa. Mate yao yatapimwa ili watolewe kwenye matokeo.

Maabara itatafuta mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, au gego lenye mizizi. Hukwanguliwa juu, zikachukuliwa kama miligramu 50 za unga. DNA ya kale ina alama yake: kwenye ncha za vipande, herufi C husomeka T. Alama isipokuwepo, huenda mmepima jasho la mchimbaji.

Wewe na babu wa babu yako mnashiriki wastani wa asilimia 6.25 tu ya DNA, kwa hiyo tegemeeni kromosomu Y, sehemu ya DNA ambayo baba humrithisha mwana wa kiume tu. Tafuteni wanaume wa matawi mawili au matatu, walioshuka baba kwa mwana. Mtoto wa shangazi hafai. Y yao isipolingana na ya mfupa, kaburi si lake, au kuna baba kwenye nasaba asiye mzazi wa damu. Mifupa ya mfalme Richard III wa Uingereza, iliyopatikana Leicester 2012, ililingana na ndugu wa kukeni (upande wa mama) ikakataa kuumeni. Y zikilingana, ni mtu wa ukoo, lakini kaka yake na ami yake wana Y ileile. Kwa hiyo waulizeni wazee sasa, muandike: alikufa na umri gani, alikuwa na kilema au mfupa uliovunjika, na nani kazikwa ubavuni mwake.