"Tiba ya mionzi ya ndani" ni tiba ipi?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya saratani. Tangazo letu ukutani linasema "tiba ya mionzi ya ndani". Wapo wagonjwa wanaodhani ni dawa ya kunywa, wengine ni kifaa. Je, Kiswahili hicho ni sahihi? Na "kupigwa mionzi" kunafaa kwa zote?

JIBU: Kosa la sarufi halipo, ila utata upo. "Ya" ya pili yaweza kuifuata "tiba" au "mionzi", kwa sababu umoja wa ngeli ya I-ZI ("tiba") na wingi wa ngeli ya U-I ("mionzi") hupatana hapo. Hata ukiandika "matibabu ya mionzi ya ndani", "ya" haibadiliki.

Wagonjwa wako wana haki ya kuchanganyikiwa, maana tiba zenyewe ni mbili. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, chanzo cha mionzi, kama iridiamu-192 au kobalti-60, hupitishwa kwenye mirija hadi kwenye uvimbe, kikakaa dakika chache, kikaondolewa. Kikishatoka, mwilini hamna mionzi. Mama anaweza kumpakata mwanawe siku hiyohiyo. Tiba ya pili ni dawa yenye mionzi: iodini-131, ya saratani ya tezi ya thairoidi, humezwa ikasafiri na damu. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, ndiyo maana mgonjwa huambiwa akae mbali na watoto na wajawazito kwa muda. Ndugu wasioelezwa tofauti hii humtenga asiyestahili kutengwa, na hilo linaumiza.

Kundi hili la pili linakua. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya lutetiamu-177, inayodungwa mshipani, kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa. Watafiti wanaijaribu pia aktiniamu-225, ambayo chembe zake za alfa (aina ya mionzi) hufika upana wa seli chache tu, hivyo huziumiza kidogo seli za jirani.

Kwa hiyo acha kitenzi kifanye kazi. "Kupigwa mionzi" kubaki kwa mashine iliyo nje ya mwili. Kauli ya kutendewa inakupa "kuwekewa mionzi", nayo inafaa kwa mirija. Iliyobaki ni "kumeza" au "kudungwa dawa yenye mionzi". "Nururifu", yaani -enye kutoa mionzi, ni neno zuri, lakini liacheni kwenye ripoti. "Kuchomwa mionzi" nisingelitumia kabisa: huyu atangoja sindano, yule atangoja moto.

Ukutani bandikeni mistari miwili: "Kuwekewa mionzi ndani ya mwili, kisha kuondolewa" na "Dawa yenye mionzi, ya kumeza au kudungwa".