Anza na Maharage, Kompyuta Itafuata

Nilipokuwa mwaka wa pili hapa Kampala niliamini kwamba anayejua kuandika programu anajua kutengeneza gemu. Muhula mzima ukaishia kwenye kijana mmoja wa kuchora anayekimbia na kuruka kwenye kioo cha kompyuta. Alikimbia vizuri, akaruka vizuri. Nikampa mwenzangu wa chumbani, mtu wa Bunia, ajaribu. Hazikupita dakika mbili akaniuliza, "Sasa kaka, nifanye nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Wadogo zangu mnaoanza, swali hilo lijibuni kabla ya kugusa kompyuta. Nendeni wanakocheza omweso, mchezo wa bao wa hapa Uganda, mkae mtazame. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Sisi tuliolelewa kwenye bao la Kiswahili tunaona ubao ni uleule, lakini kwenye omweso kila mtu huzipanga kete zake zote 32 apendavyo kabla ya kuanza, ilhali kwenye bao unaanza na 22 mkononi, unazinamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja. Hata kwa kanuni hiyo moja, tayari ni michezo miwili tofauti! Kusoma ubunifu wa gemu ni kusoma mambo kama hayo: ukigusa hapa, kule kunatokea nini.

Mimi nilichukua karatasi ya manila, nikachora barabara kutoka Wandegeya hadi Nakawa. Vifuniko vya soda vikawa bodaboda, maharage yakawa mafuta, na dadu moja. Kila abiria unayemfikisha anakulipa. Nikaipeleka steji ya bodaboda karibu na hosteli yetu, nikawaomba madereva wanne wacheze.

Mzunguko wa tatu, mmoja wao akapakia abiria wawili kwenye kifuniko kimoja. Nikafungua kinywa kumkataza, kisha nikakumbuka kwamba hakuna kanuni niliyoandika inayomzuia. Wenzake wakapiga kelele, "Mshikaki! Polisi watakukamata!" na kwa mara ya kwanza wote wakainamia ile karatasi. Usiku ule nikaandika kanuni mpya: ukibeba mshikaki unalipwa mara mbili, lakini dadu ikitoa sita, polisi wanakusimamisha na unapoteza maharage yako yote. Gemu yangu ilizaliwa pale, kwa mkono wa dereva yule.

Kwa hiyo mtu anapojaribu kazi yako, nyamaza. Ni vigumu kweli, ulimi unawasha. Lakini ukimweleza, umejifunza kwamba wewe unajua kueleza, basi. Andika daftarini alipokwama, alipocheka, alipoanza kuchezea simu.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, ni nyepesi kwa kompyuta za kawaida, na mwongozo wake unaweza kuupakua ukausoma bila intaneti. Pakua vyote siku moja kwenye Wi-Fi ya chuo, maana bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 na pesa ya mwanafunzi ni ya chakula. Hifadhi kazi yako kwenye flashi kila jioni. Umeme ulinikatikia nikapoteza wiki nzima ya kazi, na bado inaniuma.

Na asikudanganye mtu kwamba huku kwetu haiwezekani. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu hadi akamnunulia kompyuta, na gemu yake, Salaam, imetokana na maisha ya kukimbia vita. Hakwenda kutafuta hadithi mbali.

Nilipohamishia gemu ya boda kwenye Godot, kazi ilichukua wiki tatu tu, kwa sababu kila kanuni ilishachezwa steji zaidi ya mara ishirini. Sasa napambana na bei ya mafuta: ikiwa rahisi, hakuna anayethubutu kubeba mshikaki, ikipanda, wanabeba wote. Jumamosi narudi tena steji na manila mpya.